Robo ya Dereva

Ofisini kwetu Dar es Salaam tuna miradi minne, wafanyakazi kumi na kitu, na gari moja. Wafadhili nao ni wanne, na kila mmoja anataka aoneshwe kwenye karatasi kwamba watu anaowalipa mshahara wanamfanyia kazi yeye. Ndiyo maana tukaletewa programu ya kupanga ratiba, ile yenye mistari ya rangi iliyolala kwenye skrini kama mikeka iliyoanikwa uani. Michoro hiyo imepewa jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 1919, ingawa Mpoland Karol Adamiecki alishachora ya kwake tangu miaka ya 1890. Wote wawili walikuwa wakipanga kazi za viwandani, ambako mashine haifiwi na shangazi.

Programu ilikuja ikiamini kwamba binadamu anaanza kazi saa mbili kamili asubuhi na kwamba kwa siku ana saa nane za kazi. Sheria ya kazi ya Tanzania inaruhusu hadi saa 45 kwa wiki, kwa hiyo meneja wetu akaona tunampunja, akaongeza moja kila siku. Likizo ya mwaka, siku 28, aliiingiza shingo upande. Kilichomshinda ni sikukuu. Aprili peke yake ni mtihani: tarehe 7 ni Karume, tarehe 26 ni Muungano, Pasaka mara nyingi imo humohumo, na kuna miaka Idi nayo inajipenyeza. Programu ikataka tarehe ya Idi.

"Andika itategemea mwandamo wa mwezi," akasema dada wa uhasibu.

Meneja alihangaika sana kutafuta pa kuandika hivyo.

Ikafika siku ya kugawana watu. Mimi ni wa ufuatiliaji na tathmini, maana yake ni wa kila mtu, na kila msimamizi wa mradi alinichukua nusu. Nusu nne. Hakuna aliyeshtuka. Dereva wetu, mzee wa heshima aliyelikuta shirika hili likiwa chumba kimoja, alipewa robo kwa kila mradi, na kwenye skrini ilipendeza kweli: 25, 25, 25, 25, jumla 100. Nikatumwa kwenda kumweleza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia mmenigawa."

"Ni kwenye kompyuta tu, mzee. Kila mradi una robo yako."

"Jumatatu nakwenda Morogoro na mradi gani?"

"Wa maji."

"Na robo yao?"

"Na robo yao."

Akaendelea kufuta kioo ambacho kilishatakata. "Sasa mwanangu, hiyo robo ikifika Chalinze, zile robo tatu huku nyuma zitakuwa zinamwendesha nani?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye kikao. Jumatatu hiyohiyo wenzetu wa afya walikuwa na safari ya Bagamoyo, wa vijana walikuwa na Kisarawe, na wa kilimo walikuwa na mgeni wa kupokelewa uwanja wa ndege. Ukihesabu mwezi mzima, hakuna aliyevuka robo yake. Ila gari haliendi kwa wastani wa mwezi. Mgeni alikuja na teksi, akadai risiti yake irudishwe kwa fungu la maji.

Programu, kwa haki yake, haikunyamaza. Mtu aliyezidishiwa kazi inamwandika kwa rangi nyekundu, na mimi nilikuwa mwekundu tangu Februari hadi Novemba. Kuna kitufe cha kusawazisha, kinachosogeza kazi mbele mpaka mhusika apate nafasi. Meneja akakibonyeza. Mradi wa vijana uliotakiwa kufungwa Juni ukaruka mpaka Machi ya mwaka wa pili yake, wakati ambapo hao vijana wenyewe wangekuwa watu wazima. Akatengua upesi, akatazama huku na huku kama kuna aliyeona.

Tukaletewa mwanachuo wa mafunzo kwa vitendo anipunguzie mzigo. Frederick Brooks, aliyewahi kusimamia kazi kubwa ya programu za kompyuta pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa aina hiyo uliochelewa, unauchelewesha zaidi, kwa kuwa wageni wanafundishwa na walewale waliolemewa. Kijana wetu alikuwa mwepesi na mwenye adabu, na kila alipomaliza kuuliza, saa ya chai ilikuwa imefika.

Halafu siku moja wekundu wote ukatoweka. Tukampigia meneja makofi. Baadaye nikafungua kalenda yangu nikakuta nimewekwa mtu wa saa ishirini na nne, Jumapili ikiwemo. Saa nane usiku naandika ripoti ya robo mwaka, saa kumi alfajiri naingia semina. Rangi nyekundu ndiyo iliyokuwa ikisema kweli pale ofisini, na ndiyo tuliyoifukuza.

Aliyetuokoa ni dada wa uhasibu. Alianzisha mradi wa tano, akauita Mengineyo, akampa kila mtu asilimia 30 humo. Ile minne ikabaki kugombania 70. Humo Mengineyo tukatia foleni ya Mbagala, umeme kukatika, misiba, chapati za saa nne, na wale wanaosimama mlangoni wakisema "nina dakika mbili tu." Ratiba ikaanza kufanana na sisi. Hata mzee akakubali, maana sasa safari zake ziliandikwa kwa siku, siyo kwa robo.

Tatizo ni kwamba fomu za saa za kazi zilipojazwa kwa ukweli, Mengineyo ukawa mradi unaotekelezwa kwa ufanisi kuliko yote. Mkaguzi wa mfadhili mmoja alipokuja, kalamu yake ikasimama hapo.

"Huu nani anaufadhili?"

"Michango ya wanajamii," dada wa uhasibu akajibu bila kupepesa.

Mkaguzi akafurahi, akasema ushirikishwaji wa namna hiyo ni nadra, akaomba kuutembelea. Akapelekwa chumba cha mikutano, ambako kamati ya harusi ya karani ilikuwa imefikia ajenda ya ukumbi. Alikaa hadi mwisho. Alipotoka alikuwa na kadi ya mchango mkononi, ya watu wawili.