Mtoto Aliyelelewa Mnarani

Henry Courtenay, Markisi wa Exeter, na Mfalme Henry VIII wa Uingereza walizaliwa na mtu na dada yake. Tukihesabu kwa mahesabu yetu, mfalme alikuwa baba mkubwa wa Edward, mtoto wa markisi huyo. Undugu huo ndio uliomponza kijana, maana alikuwa kitukuu wa Mfalme Edward IV, na damu hiyo ilimnyima usingizi aliyekalia kiti.

Nyumba yenyewe haikukosa visa. Gertrude, mama yake Edward, alikuwa amekwisha kufiwa na watoto. Kwa hofu ya mama, akamwendea kwa siri mtawa Elizabeth Barton, aliyesifika kwa kuona maono, kutaka dua zake. Lakini mtawa huyo alikuwa akimpinga mfalme waziwazi kuhusu ndoa yake na Anne Boleyn, hivyo mwaka 1533 Gertrude akalazimika kuandika barua ya kuomba radhi. Akasamehewa, ila hakuna aliyesahau.

Mwaka 1538 akakamatwa Geoffrey Pole, ambaye kaka yake, Kardinali Reginald Pole, alikuwa ughaibuni akimshutumu mfalme. Geoffrey alihojiwa mpaka akajaribu kujiua. Maneno yaliyosemwa kwa kuaminiana kati ya akina Pole na markisi, ndugu kwa ndugu, yakawa ushahidi wa uhaini. Novemba, markisi, mkewe na Edward, mwenye umri wa karibu miaka 12, wakatiwa katika Mnara wa London. Baba akakatwa kichwa. Mwaka 1540 mama akaachiliwa, akatoka peke yake.

Mle ndani alikuwamo mtoto mwingine, Henry Pole, mjukuu wa bibi mzee Margaret Pole, mama yao Geoffrey na Reginald, naye pia mfungwa humo. Balozi wa Ufaransa aliandika kwamba Edward alipewa mwalimu na nafasi kidogo ya kupumua, ilhali mwenzake alibanwa na wala hakutakiwa ajue lolote. Namfikiria sana yule wa pili. Bibi yake alitetemeka kwa baridi mpaka Malkia Catherine Howard akaagiza ashonewe nguo za joto mwaka 1541. Mei ya mwaka uleule akakatwa kichwa, akiwa na miaka 67. Mjukuu akatoweka katika kumbukumbu, na nauita huo ukatili mtupu, hata kama ulitendwa kwa muhuri wa dola.

Edward akashika vitabu. Alijifunza Kiitaliano, na mwaka 1548 akatafsiri kitabu cha dini juu ya fadhila za kifo cha Kristo, akamtunukia Anne Seymour, mke wa mtawala mlezi wa mfalme mdogo Edward VI. Tunu ile ilikuwa ombi la kufunguliwa, na mlango haukufunguliwa.

Agosti 1553 Malkia Mary, binti wa Henry VIII, alipoingia Mnarani, Edward alipiga magoti mbele yake pamoja na wafungwa wengine. Miongoni mwao alikuwamo Anne Seymour mwenyewe, sasa mjane wa aliyekatwa kichwa na dola ileile. Mary akawaachilia, na Edward akapewa ubwana wa Devon aliowahi kuwa nao babu yake.

Alikuwa msomi wa miaka kama 26 asiyepata mafunzo ya farasi na silaha waliyopata vijana wa tabaka lake, na asiyejua watu wa barazani wanavyotegana. Wakubwa wakataka kumwoza malkia. Waasi waliompinga malkia mwaka 1554 wakamtaka amwoe Elizabeth, mdogo wake malkia. Februari hiyo akarudishwa Mnarani. Baadaye akapelekwa ng'ambo, akafia Padua, Italia, Septemba 1556, bila mke wala mtoto. Gertrude alikuwa bado hai.