Tusameheni kwa kufia upande mmoja wa mpaka

Kwa Waheshimiwa wa Benki ya Dunia, Washington.

Sisi wa Kivu Kaskazini, Kongo, tunaomba radhi. Mwaka 2017 mliuza hatifungani za dola milioni 320 kwa ajili ya magonjwa ya mlipuko, mkatuahidi kwamba nchi maskini ikipatwa, fedha zitafika haraka. Ebola ikatangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, nasi tukafa kinyume cha utaratibu.

Masharti ya malipo yalikuwepo, kwa mwenye subira ya kusoma kurasa zaidi ya 300. Ebola iue watu 250, na wasiopungua 20 wafie nchi ya pili. La kwanza tulilitimiza kabla mwaka haujaisha. La pili ndilo lililotushinda. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha, Juni 2020, tulikuwa tumezika watu 2,287, karibu wote upande wa Kongo. Lawama wapeni Waganda: waliwachanja wahudumu wao wa afya mapema, na wagonjwa walipovuka kuingia Kasese mwaka 2019, waliofia huko hawakufika hata watano. Kazi nzuri namna hiyo inaharibu kabisa mahesabu.

Wawekezaji wenu, hata hivyo, hawakupata usumbufu. Waliobeba hatari ya Ebola walilipwa riba ya zaidi ya asilimia 11 kwa mwaka, kwa fedha za Japani na Ujerumani. Kweli, dirisha la fedha taslimu la mpango huohuo lilileta makumi ya mamilioni ya dola, na kwa hilo asanteni, sitanii. Lakini hizo zilikuwa fedha za wafadhili. Mwekezaji hakuguswa hata senti.

Huku hatari hubebwa kichwani, kwenye beseni. Tarehe 1 Agosti 2019 Rwanda iliufunga mpaka wa Goma kwa saa kadhaa. Saa kadhaa si kitu, mtasema. Lakini mama anayevuka Petite Barrière na nyanya, mtaji wake ni mauzo ya jana, na nyanya haijui kusubiri tamko la wizara. Hata mpaka ulipokuwa wazi kulikuwa na foleni ya kunawa maji ya klorini, kulikuwa na kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso, na aliyechemka kwa malaria tu aliwekwa pembeni huku wateja wakinunua kwa wenzake. Hatifungani ya mama huyu haina riba.

Surua nayo iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo katika kipindi hichohicho, wengi wao watoto. Haikuwamo kwenye orodha yenu. Pengine haina mvuto sokoni.

Hatimaye ikaja Corona, na hatifungani zikalipa: Aprili 2020, dola milioni 195.84 kwa nchi 64, wakati viwanja vya ndege vimeshafungwa na vibarua wameshatumwa nyumbani. Mwaka huohuo mkaacha mpango wa kutoa toleo la pili.

Mkirudi na karatasi nyingine, tunaomba nakala ya Kiswahili mapema, masharti yawe ukurasa wa kwanza. Mgonjwa akizidiwa pale Kasindi, tujue kama tumkimbize Beni akatibiwe, au tumvushe mto Lubiriha akahesabiwe.

Wenu,
Mkazi wa upande uliozidisha idadi