Masaibu ya Ulimi wa Mwanagenzi wa Kiko

Miongoni mwa madhila madogo ambayo binadamu hujitafutia kwa fedha zake mwenyewe, mchonyoto wa ulimi unaompata mvutaji mpya wa kiko unastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa ni nadra kumkuta mtu mzima mwenye akili timamu akikiunguza kiungo anachokihitaji kwa kula, kwa kusema na kwa kujitetea, kisha akakirudia jioni inayofuata. Mchonyoto huo ni hali ya ncha na kingo za ulimi kuwasha, kukakamaa na kupoteza uwezo wa kuonja, nao huandamana na pacha wake, yaani ladha ya kuungua, ule uchungu wa majivu na mkaa unaong'ang'ania kinywani hata baada ya mhusika kusukutua mara kadhaa. Wavutaji wakongwe huyazungumzia mambo haya mawili kwa upole wa wazee wa jando, ambao wanajua vyema kinachomngoja kijana na hawaoni sababu ya kumwambia mapema.

Chanzo cha kwanza ni joto, na hasa joto lenye unyevu. Jani la tumbaku, hata likiwa limekaushwa, hubaki na maji ndani yake. Maji hayo yakikutana na kaa la moto hugeuka mvuke, na mvuke huo ukifika ulimini hurudi kuwa maji na kuliacha joto lake lote pale pale. Chanzo cha pili ni kemia. Tumbaku aina ya Virginia, ambayo wakulima wa Tabora na Urambo huiita tumbaku ya mvuke kwa sababu hukaushwa katika mabani yanayopashwa joto, ina sukari nyingi na huwaka kwa ukali inapovutwa haraka haraka. Ilhali Burley, inayokaushwa kivulini kwa hewa ya kawaida, haina sukari ya kutajika, na moshi wake huelekea kuwa na alkali, yaani ile hali iliyo kinyume cha asidi, ambayo huichokoza ngozi laini ya kinywa. Kwa hiyo mwanagenzi anayeikimbia Virginia na kuhamia Burley huwa amebadilisha mdai tu, deni likiwa ni lile lile.

Hata hivyo, joto na kemia ni washirika wadogo katika shauri hili, na mshtakiwa mkuu ni hofu ya kiko kuzimika. Kuzimika kwa kiko ni jambo la kawaida kabisa, na mvutaji mzoefu huwasha upya mara mbili au tatu katika kikao kimoja bila kukatiza sentensi aliyoianza. Mwanagenzi, kwa upande wake, huliona tukio hilo kuwa fedheha ya hadharani, hasa akiwa barazani mbele ya watu aliowatangazia kwamba sigara ni mambo ya vijana; basi kila moshi unapopungua yeye huongeza pumzi, pumzi huongeza moto, moto hutoa mvuke, mvuke hutuama chini ya kiko na kuanza kukoroma, na mkoromo huo humfanya aamini kwamba kiko kinakata roho na kinahitaji kuvutwa kwa nguvu zaidi. Kufikia hapo heshima yake imesalimika na ulimi wake umeiva.

Sehemu ya lawama inapaswa kuwafikia waandishi wa riwaya na hadithi, ambao wameufanya moshi mzito kuwa dalili ya fikra nzito. Katika hadithi ya Arthur Conan Doyle iitwayo "The Red-Headed League", iliyochapishwa mwaka 1891, mpelelezi Sherlock Holmes anapima ugumu wa kesi yake kuwa ni wa viko vitatu, na anaomba asisemeshwe kwa dakika 50. Hesabu rahisi inaonyesha kwamba kila kiko kilipewa takriban dakika 17, pamoja na muda wa kujaza na kuwasha, wakati kiko cha ukubwa wa wastani kikivutwa kwa utulivu humaliza nusu saa au zaidi. Na kwa kuwa chombo chenyewe kilikuwa cha udongo, ambao hupata joto upesi na kulipeleka hadi vidoleni, inawezekana kabisa kwamba ukimya wa Holmes haukuwa wa tafakuri bali wa mtu asiyeweza kutamka neno. Mwandishi hasemi lolote kuhusu ulimi wa mpelelezi huyo. Mwanagenzi anayemwiga hugundua pengo hilo la kifasihi kwa njia yake mwenyewe.

Kosa jingine hufanyika dukani, ambapo mgeni wa sanaa hii huchagua tumbaku kwa pua. Tumbaku zilizotiwa manukato ya vanila, cheri au chokoleti hunukia vizuri kiasi cha kumfanya mnunuzi adhani atakuwa anavuta keki, lakini nyingi kati yake huongezwa sukari pamoja na propilini glikoli, kimiminika kinachozuia majani yasikauke, na matokeo yake ni mvuke tele. Harufu hiyo nzuri huwafikia zaidi walioketi karibu, ambao hawajalipa chochote, na mlipaji hubaki na maji ya moto. Dawa inayopendekezwa ni kuyatandaza majani juu ya karatasi kwa nusu saa au saa nzima, hadi yakibanwa kati ya vidole yaachane yenyewe badala ya kushikamana. Ushauri huo ulitungwa, bila shaka, na watu wasiowahi kuishi Tanga au Unguja wakati wa masika, msimu ambao hata chumvi mezani haikubali kukauka.

Ujazaji nao una kanuni yake ya jadi, ambayo imepokezanwa na vizazi vya wavutaji wa Ulaya: tabaka la kwanza lishindiliwe kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mwanamke, na la tatu kwa mkono wa mwanamume. Kanuni hiyo ilitungwa bila kuwauliza wanawake wanaotwanga kwa mchi, lakini maana yake ni kwamba chini kuwe na wepesi na juu kuwe na uimara, ili hewa ipite na kaa lisambae. Mwanagenzi huanza na mkono wa mwanamume tangu chini, kisha hulazimika kuvuta hadi mashavu yakutane. Kuwasha pia hufanyika mara mbili: moto wa kwanza huyafanya majani ya juu yafumuke, yakashindiliwa taratibu kwa kifaa kidogo chenye kichwa bapa, na ndipo moto wa pili huwashwa kwa kweli. Asiyesubiri baruti ya njiti ya kiberiti iishe kabla ya kuisogeza huanza kikao kwa ladha ya kiberiti, na baadaye huilaumu tumbaku.

Ladha ya kuungua, kwa upande mwingine, mara nyingi haitoki katika tumbaku hata kidogo. Kiko kipya cha mti wa briari, unaotokana na fundo la mzizi wa mmea wa Mediterania uitwao kitaalamu Erica arborea, bado hakijapata utando wa kaboni, yaani tabaka jembamba la mkaa linalojengeka ndani ya bori na kuikinga mbao isishike moto. (Bori ni lile bakuli la kiko linalowekwa tumbaku.) Kabla ya utando huo kupatikana, mvutaji mwenye pupa huwa anavuta samani. Wazoefu hujaza nusu bori kwa vikao vya mwanzo, huuacha utando ufikie unene wa takriban milimita moja, na huukwangua ukizidi, kwa sababu tabaka nene hutanuka kwa joto na kuweza kupasua chombo. Asiye na subira ya namna hiyo hununua kiko cha gunzi la mahindi, ambacho mji wa Washington, jimboni Missouri, Marekani, umekuwa ukikitengeneza kibiashara tangu 1869, nacho huvutwa siku hiyo hiyo bila kuzoezwa na kwa bei isiyohitaji kufichwa nyumbani.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na jibu lake kwa tatizo la joto. Kiko cha zamani kilikuwa na bori lililoshikizwa kwenye digali, mrija unaoshuka hadi ndani ya kifuu cha nazi chenye maji, na kutoka hapo mdakale uliupeleka moshi kinywani ukiwa umekwisha kupoa. Mkoromo ambao leo humtia aibu mvutaji wa briari ulikuwa ndiyo sauti halali ya chombo kile, na ulikuwa na jina lake, malio ya kiko. Ikumbukwe tu kwamba maji hupoza moshi bila kuuondolea sumu, na kwamba saratani ya kinywa haiulizi kama mvutaji alimeza moshi au aliupuliza kwa madaha.

Ushahidi kwamba pupa ndiyo adui hupatikana katika mashindano ya kimataifa ya kuvuta kiko polepole, ambamo kila mshindani hupewa gramu 3 za tumbaku, njiti mbili za kiberiti na dakika moja ya kuwasha, na mshindi ni yule ambaye kiko chake huzimika mwisho. Mabingwa wamewahi kuzidisha saa tatu kwa kiasi hicho cha tumbaku, wakitoa moshi kidogo mno kiasi kwamba mtazamaji asiyejua sheria angedhani ukumbi mzima umesinzia.

Ulimi uliokwisha kuungua hupona wenyewe ukiachwa siku kadhaa bila moshi, na katika siku hizo mgonjwa hula ubwabwa mtupu, huipisha kachumbari ya pilipili kwa sababu anazoziita za kiafya, na huikataa chai ya tangawizi ambayo jana aliisifu. Muda huo wa mapumziko ndio anaoutumia, kwa kawaida, kutafuta kiko kingine cha kununua, akiwa na hakika kwamba kile cha kwanza kilikuwa na kasoro ya kiwandani.