Sifa za Vumbi la Kaboni

Machimboni dhahabu ina washairi wake. Kaboni nayo haikosi mashabiki: ni mkaa wa vifuu vya nazi, ulioivishwa kwa mvuke wa joto kali hadi ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Vumbi la kaboni hiyo halina hata mpiga zumari. Leo nalipigia mimi.

Tazameni ujanja wake. Katika mitambo ya Geita, na kokote ilikofika njia iliyoanza kutumika kwa kiwango kikubwa mgodini Homestake, Marekani, mwaka 1973, punje za kaboni hukorogwa ndani ya tope lenye sianidi zikinyonya dhahabu. Tope hushuka tenki hadi tenki, kaboni hupandishwa kinyume chake, na machekeche huzuia punje zisitoroke. Lakini punje zikigongana na mchanga na mapanga ya kukorogea, kona zake humeguka, na vumbi hilo hupenya chekeche hadi bwawa la marudio, yaani mabaki ya tope, dhahabu ikiwa mfukoni. Mchimbaji hupekuliwa getini mpaka soksi. Vumbi, nani amewahi kulivua kofia?

Hata kulipima ni kulitukuza. Maabara huweka kaboni kavu kwenye sahani pamoja na gololi za chuma za saizi mbili, mashine huitikisa dakika 30, kisha kinachopimwa ni kilichobaki juu ya chekeche. Kigawanye kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100, umepata namba ya ugumu. Kaboni nzuri ya vifuu huvuka 95, na muuzaji hutabasamu. Mheshimiwa vumbi hakanyagi mzani: hujulikana kwa pengo aliloacha. Na sampuli ikivuta unyevu wa hewani baada ya kupimwa uzito wa mwanzo, unyevu huo huliziba pengo hilo, vumbi likaonekana halikuzaliwa. Isitoshe, gololi hizo hugonga pakavu, ilhali kazi yenyewe iko topeni. Ndiyo maana wapo wanaokoroga kaboni majini kwanza ndipo wapime.

Kaboni mpya nayo hukorogwa na kuoshwa kabla ya kuingia tenkini, ili kona dhaifu zimeguke zikiwa bado hazijameza kitu. Mgeni gani mwingine huagwa kabla hajafika?

Vumbi linalonaswa hutiwa magunia, huchomwa, na majivu yake huyeyushwa ili litapike dhahabu. Lililokwisha kufika bwawani halirudishi hata senti.