Muulize Shangazi Kaakaa: Ngozi Iko Wapi Ndani ya Moshi?

Msimu wa wageni umekwisha na nyumba za kupangisha pale Kuruwitu zimefungwa madirisha. Wageni wameacha waliyoacha: nguo za kuogelea, chupa za mafuta ya jua zilizofika nusu, na mwaka huu wameacha biri. Sisemi sigara za dukani. Nasema zile nene za majani matupu, zenye pete ya karatasi kiunoni. Kikapu changu cha barua kinanuka tumbaku. Nimechagua chache nizijibu. Zilizobaki zinauliza mambo ya mapenzi, nazo nimempa mwenzangu wa ukurasa wa pili, ambaye hana pua.

*Shikamoo Shangazi. Mgeni aliniachia biri tatu pamoja na karatasi yenye orodha ya ladha nitakazozipata: ngozi, mwerezi, kakao, pilipili manga, nyasi kavu na udongo ulionyeshewa. Ya kwanza niliivuta mpaka ikaniunguza vidole, nikapata moshi. Ya pili niliivuta kwa bidii zaidi, nikatapika nyuma ya jenereta. Imebaki moja. Je, ulimi wangu una kasoro?*
*Mlinzi wa Zamu ya Usiku, Kuruwitu*

Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo ya jenereta. Ulimi wako ni mzima. Kosa ni kwamba moshi umeupeleka kifuani. Moshi wa biri haumezwi. Hukaa mdomoni kitambo kidogo kisha ukatolewa, na nikotini hupenya palepale kwenye nyama laini za kinywa. Nayo si haba, maana biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku ya kutosha paketi nzima ya sigara. Ndiyo sababu bidii yako ilirudi kwa njia uliyoiona. Ukiamua kuiwasha hiyo ya tatu, kula kwanza, kaa chini, na uwe na chai ya sukari karibu. Kichwa kikianza kuzunguka, iache. Hakuna aliyekuwekea kombe.

Sasa tuje kwenye ladha. Ulimi wenyewe ni maskini. Unajua utamu, chumvi, uchungu, uchachu, na ule mnono wa supu ya nyama, basi. Ngozi, kakao na mwerezi ni mambo ya pua, na harufu hizo nyingi haziingii kwa mlango wa mbele. Zinapanda kutoka kooni na kuingia puani kwa nyuma. Hebu bana pua utafune iliki. Utasikia unatafuna kijiti. Achia pua, na pilau nzima itaingia ndani ya nyumba.

Kwa hiyo wenye kuzijua biri hufanya hivi: huvuta funda dogo, hufunga mdomo, hawamezi, kisha husukuma sehemu ndogo tu ya moshi itokee puani. Nimesema ndogo. Ukiutoa wote kwa mkupuo utalia machozi, na mbwa unayelinda naye atadhani umefiwa.

Hata ukifanya hayo yote bado hutaiona ngozi, na hapa ndipo penye shida yako hasa. Ile orodha iliandikwa na mtu mwenye utoto mwingine. Aliposema nyasi kavu alikuwa ndani ya ghala la farasi wa babu yake. Aliposema ngozi alikuwa amelalia tandiko. Wewe farasi umemwona wapi, mwanangu? Pua hutambua yale iliyokwisha kuyahifadhi, na aliyoyahifadhi mwenzako huwezi kuyakopa kwa kusoma karatasi. Weka orodha yake kando uandike yako. Wewe unajua makumbi ya nazi yanavyonuka yakiungua polepole chini ya sufuria. Unajua mkonge mbichi unavyonuka lori likipita kutoka mashamba ya Vipingo, na ukoko wa wali, na buni kwenye kikaango, na ngoma iliyoanikwa juani kabla ya kupigwa. Huko kwenye ngoma, kwa taarifa yako, ndiko iliko ngozi yako.

Na mwerezi unaujua pia, ila hukuambiwa jina. Chonga penseli, unuse yale maganda. Zama za mkoloni mierezi ya nyanda za juu za Kenya ilikatwa ikapelekwa kufanywa penseli, kwa hiyo harufu hiyo ni ya kwetu kuliko ya mgeni wako. Ajabu ni kwamba masanduku ya biri kwa kawaida ni ya mbao iitwayo mwerezi wa Kihispania, ambayo si mwerezi hata kidogo, na sehemu ya harufu wanayoisifia kwenye tumbaku imetoka kwenye sanduku.

Mazoezi yako yawe ya bure, na yaanzie jikoni. Mwambie mtoto wa dada yako akutilie karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, tangawizi kavu, kahawa na kipande cha udi kwenye vikopo, kisha akunusishe ukiwa umefumba macho. Utajiona mjinga siku za kwanza, maana kunusa kitu unachokijua na kukosa jina lake ni fedheha isiyo na mfano. Endelea. Baada ya wiki kadhaa majina yatakuja yenyewe.

Jambo jingine ni kinywa. Watu wa Kuruwitu waliunda chama chao mwaka 2003, baadaye wakatenga hekta 30 za bahari zisivuliwe kabisa, na samaki walirudi kwa kuachwa tu. Nawe kitengee kinywa chako tengefu lake kabla ya kuonja: saa mbili bila muguka, bila achari, bila peremende. Kisha maji matupu kati ya funda na funda.

Ukishaiwasha, funda moja kwa dakika linatosha. Ukiharakisha, jani linapata moto mno na kila kitu kinageuka uchungu. Igawe biri kwa macho mafungu matatu, uandike neno moja au mawili kwa kila fungu, kwa sababu haibaki ile ile: jinsi moto unavyosogea mdomoni ndivyo inavyozidi kuwa kali. Theluthi ya mwisho si lazima uimalize. Wenye fedha zao huitupa, seuze wewe uliyepewa.

*Shangazi, mimi biri yangu niliihifadhi vizuri juu ya kabati tangu Krismasi. Sasa ina unga mweupe na vitundu vidogo vilivyonyooka kana kwamba vimetobolewa kwa sindano. Nilipoivuta nikapata ladha ya ng'onda. Ndiyo ladha yenyewe?*
*Karani, Vipingo*

Hapana, mwanangu, umevuta maiti. Biri hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi, na hewa yetu ya pwani huupita huo siku nyingi. Unga huo ni ukungu. Wauzaji watakuambia ni mafuta ya jani yaliyochanua, na mimi nakuambia uwaulize kama viatu vyako vya ngozi navyo huchanua wakati wa mvua za masika. Vitundu ni vya mdudu wa tumbaku. Mayai yake hukaa kimya ndani ya jani mpaka joto lizidi nyuzi 24 au 25, na hapo huanguliwa. Kwetu joto hilo ndilo la usiku. Ukipata nyingine, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, uitie kwenye friza siku kadhaa, kisha uihamishie friji kabla ya kuitoa nje. Hii uliyonayo izike.

*Shangazi Kaakaa, bosi wangu huvuta biri kila Ijumaa akitutajia ladha zaidi ya kumi: matunda ya porini, asali ya milimani, kitabu cha kale. Hututazama mpaka tuitikie. Mimi nasikia tumbaku. Nataka kusema kweli, na nataka mshahara.*
*Meneja Msaidizi, Kilifi*

Chagua mshahara, kisha soma hii kwa siri. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa mvinyo. Walichukua mvinyo mweupe, wakautia rangi nyekundu isiyo na harufu, wakawapa. Wanafunzi wale, waliokuwa wakisomea kazi hiyo, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikwisha kuamua, pua ikafuata nyuma.

Bosi wako anaisoma ile pete. Siku moja, kwa unyenyekevu wote, mwombe mcheze: biri mbili zivuliwe pete, ya bei na ya rahisi, naye azitambue. Usimcheke akikosea. Na akipatia, mwite mwalimu, kwani atakuwa kweli ana pua, na watu wa namna hiyo wapo. Sidai kwamba ladha hizo ni uongo. Jani la biri huvunda kwa joto lake lenyewe ndani ya marundo, amonia ikatoka, sukari na protini zikageuka, na moto ukimaliza kazi huzaliwa harufu zile zile zinazozaliwa kwenye kahawa na kakao zikikaangwa. Kakao ya bosi ina sababu. Hicho kitabu cha kale ndicho nisichomtetea.

*Shangazi, nilifundishwa, nami nikafundisha, kwamba utamu husikika ncha ya ulimi, uchungu nyuma, na uchachu pembeni. Biri niizungushe upande gani?*
*Mwalimu, Mtondia*

Hakuna upande, Mwalimu. Ramani hiyo ilitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Mjerumani wa mwaka 1901, na imeishi vitabuni kwa zaidi ya umri wa bibi yangu. Ladha zote husikika kila penye vinundu vya ladha. Tia chumvi ncha ya ulimi uone, kisha uwaombe radhi darasa la sita.

*Shikamoo. Nina miaka 17, nimemaliza kidato cha nne, na pua yangu nyumbani huitwa polisi. Nataka kazi ya kuonja. Kaka anasema nianze na biri za wageni.*
*Pua Kali, Kikambala*

Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka yako kwamba Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imekataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na kwamba shangazi naye amekataza, hata ukifika 80.

Kazi uitakayo iko Mombasa, nayo ni ya chai. Mnada ulianza mwaka 1956 Nairobi, baadaye ukahamia Mombasa, na huletwa chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine za jirani. Kabla haijauzwa huonjwa. Waonjaji hupita mbele ya safu ya vikombe, huchota kwa kijiko, huvuta kwa kelele ambayo kwenu ungechapwa kofi, kisha hutema. Ile kelele ina kazi: hurusha chai kwa matone madogo hadi nyuma ya koo, ili harufu ipande puani. Watu hao huonja vikombe mamia kwa siku na jioni hurudi nyumbani wana akili zao. Anza sasa. Nunua chai za aina tatu, zipime kwa kijiko kimoja, zote zikae dakika sita kwenye maji ya moto, bila maziwa wala tangawizi. Halafu uandike tofauti.

*Bi. Kaakaa, mimi ni mgema. Mgeni alionja tembo langu, akafumba macho, akasema lina ndizi mbivu, hamira, na kwa mbali yai. Nimegema tangu ujana wangu na sijawahi kutia yai. Nimuuzie tena au nimfukuze?*
*Mgema, Chonyi*

Muuzie, mzee wangu, na kwa bei ya juu. Hakukutukana. Maji ya mnazi yakidondoka kibuyuni ni matamu tu, ila chachu za porini huyavamia papo hapo. Kazi yao ndiyo inayozaa harufu ya ndizi, hiyo ya hamira, na hata hiyo ya yai. Asubuhi yana sukari, jioni yana ukali, na ukiyaacha siku kadhaa una siki ya kachumbari.

Lakini nikuulize: ukipewa mrija ukiwa umefumba macho, huwezi kusema tembo hili ni la alfajiri au la jana? La kibuyu kilichooshwa au kisichooshwa? La mnazi ulionyeshewa usiku? Waweza. Mgeni amesoma vitabu ili ajaribu kufika hapo ulipo wewe na kotama yako kiunoni. Naishia hapo, maana najua yanayofuata mgema akisifiwa.

*Shangazi, mume wangu amerudi kutoka kazini Kuruwitu na biri mfukoni na maneno mapya. Juzi alionja mchuzi wangu wa papa, akatulia, akasema: "Una mwanzo wa ndimu, katikati ya nazi, na mwisho mrefu wa moshi." Moshi ulikuwa wa kuungua, Shangazi. Nililia chooni.*
*Mke wa Mwonjaji, Takaungu*

Pole, mwanangu, ila tuwe wa haki: amepatia. Zamani angekula akanyamaza, nawe ungedhani umefanikiwa. Pua hiyo ipeleke penye faida. Kuanzia kesho ndiye aende kununua samaki mashua zikirudi, anuse matamvua mwenyewe, na akileta wa jana ale peke yake.

Biri aivutie nje, mbali na watoto na mbali na kanga zako. Umwambie pia, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba kutoumeza moshi hakumwepushi na saratani ya kinywa na koo, na kwamba mwonjaji aliyekatwa ulimi hana kazi. Akitaka kuonja kila jioni, kuna vikopo vya karafuu na iliki. Mpe kitambaa cha macho na mtoto wa kumshikia.

Na hilo sufuria lililoungua usilikwangue kwa kisu. Litie maji na magadi kidogo, lilale hivyo. Asubuhi litatoka.