Mjuzi wa Mvinyo Asiyekunywa

Hapa Dar es Salaam wako watu wengi wanaosifika kwa ujuzi wa mvinyo, na wote, isipokuwa mmoja, wamepata kuunywa. Huyo mmoja ni mimi. Nilizaliwa Pangani katika nyumba ambayo kinywaji chake kikali kuliko vyote kilikuwa kahawa ya tangawizi, nikalelewa chuoni na msikitini, na hata leo, mvi zimenienea na kiinua mgongo kimekwisha, ulimi wangu haujui mvinyo una ladha gani. Walakini hapana harusi, kipaimara wala karamu ya kuagana katika mtaa wetu ambayo wenyewe hawakuja kwanza barazani kwangu kuniuliza wanunue chupa ipi, ya nchi gani, na kwa bei gani. Sababu ya heshima hii, nisiyoiomba, na ambayo marehemu shangazi yangu aliihesabu kuwa ni fedheha ya ukoo, ni kwamba nilikuwa karani katika ofisi moja ya uwakala wa forodha, kazi yangu ikiwa kupokea hati za shehena, kukokotoa ushuru, na kuzisindikiza karatasi kutoka meza hii hadi meza ile mpaka mzigo utoke bandarini; na pamoja na mchele, matairi, vigae na mitumba iliyopita mikononi mwangu, mvinyo nao ulipita, kontena baada ya kontena. Shangazi alipopata habari aliniuliza kama karatasi nazo hulewesha. Nikamjibu, "La, shangazi, huumiza macho tu." Akasema hata hivyo nioge kabla ya kuswali.

Mtu asomaye hati amejaliwa jambo moja ambalo aonjaye hakujaliwa, nalo ni kwamba hati haishawishiki kwa rangi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, mji ambao jina lake lenyewe hunukia mvinyo, walichapisha habari za jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa fani hiyo: waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wale, kwa makini yote na kwa lugha ya kitaalamu, wakausifu kwa maneno yale yale wanayousifia mvinyo mwekundu. Nilimsimulia habari hiyo jirani yangu, mwalimu mstaafu kutoka Machame, ambaye huuzungusha mvinyo katika bilauri, akaunusa kwa tundu moja la pua kisha kwa la pili, akafumba macho, na ndipo hutamka hukumu. Akanambia, "Mzee mwenzangu, hao ni wanafunzi. Walimu wao wasingedanganyika." Basi nikamkumbusha mambo ya Paris ya mwaka 1976, pale mfanyabiashara mmoja Mwingereza, Steven Spurrier, alipowakalisha waamuzi wa Kifaransa, mabingwa watupu, akawaonjesha mvinyo bila kuwaonyesha rajamu, na alama zilipojumlishwa, ulioongoza katika weupe ulikuwa wa California, na ulioongoza katika wekundu ulikuwa wa California. Mwalimu alikohoa, akasema huenda siku ile palikuwa na joto.

Sasa niseme hati zinavyosema. Kontena la futi 20 hubeba chupa zaidi ya 10,000, na meli haiulizi ndani ya chupa mna nini: nauli ya mvinyo duni ni ile ile ya mvinyo wa wafalme. Chupa tupu, kizibo, karatasi ya rajamu na sanduku vina bei zake, ambazo hazipishani sana baina ya fukara na tajiri. Ushuru wa bidhaa hutozwa kwa lita, wala lita haijui sifa. Juu ya hayo huja VAT ya asilimia 18, kisha faida ya mwagizaji, ya muuzaji wa jumla, na ya mwenye duka, ambaye naye ana umeme wa kulipa. Ukimpa kila mmoja haki yake katika ile chupa rahisi kuliko zote rafuni, kinachobaki kwa ajili ya zabibu zenyewe ni kidogo kiasi cha kutia huruma. Kwa hiyo mnunuzi wa chupa hiyo amenunua kioo, kizibo, safari ya baharini na risiti, akapewa mvinyo kama bakshishi. Lakini akithubutu kuongeza theluthi ya bei, sehemu kubwa ya nyongeza ile huingia katika zabibu, madhali meli, kioo na lita za serikali zimekwisha lipwa. Hapo ndipo penye nafuu, na hapo ndipo ninapowapeleka wanaonijia, bila kuwaambia kwamba maarifa haya yote nimeyatoa katika jedwali la ushuru.

Mahotelini sizungumzi sana. Nimeona bei iliyotoka forodhani, nimeona na bei iliyoandikwa katika kijitabu chenye jalada la ngozi, na aghalabu bilauri moja huuzwa karibu kwa thamani ambayo hoteli ilitoa kununulia chupa nzima. Mimi huko huagiza maji, ambayo nayo, kwa hesabu hiyo hiyo, ni wizi mkubwa zaidi.

Ngazi ya bei, hata hivyo, ina kidato ambacho mtu akikivuka hanunui tena zabibu, hununua nasaba. Mwaka 1855 Kaizari Napoleon wa Tatu alitaka mvinyo wa Bordeaux upangwe kwa madaraja kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, na waliopewa kazi hiyo hawakuwa wakulima wala waonjaji. Walikuwa madalali, nao wakafanya kama dalali yeyote angalifanya, wakafungua madaftari, wakaangalia kila shamba limekuwa likiuza kwa kiasi gani, na aliyeuza ghali wakamweka juu. Tangu siku hiyo wenye mashamba wamekufa na kurithiwa, mizabibu imeng'olewa na kupandwa upya, ardhi imeuzwa na kununuliwa, na daraja liko pale pale, hata ikawa shamba la Mouton lilipopandishwa kutoka la pili hadi la kwanza mwaka 1973 jambo hilo lilikuwa tukio la kutikisa nchi. Alhasili, ghali ni bora kwa kuwa ilikuwa ghali. Dalali yungali yuko katikati, akipokea asilimia mbili yake kwa kumkutanisha mwenye shamba na mfanyabiashara, na biashara yenyewe hufanywa katika majira ya kuchipua, mvinyo ungali katika mapipa, mnunuzi akilipa leo kitu atakachokiona baada ya miaka takriban miwili. Sisi watu wa pwani hatuna uso wa kuwacheka, kwa kuwa wazee wa Unguja na Pemba wamenunua karafuu zingali mitini tangu zamani. Ila mnunuzi wa karafuu angalau huinua kichwa akauona mti.

Palikuwa na bwana mmoja, mteja wa ofisi yetu, mtu wa bashasha na tumbo, aliyeagiza masanduku ya mvinyo wa namna hiyo kwa ajili ya sherehe ya kustaafu kwake. Mzigo ulifika Februari. Msafirishaji wa huko Ulaya alikuwa ameandika katika hati moja masanduku, na katika hati ya pili chupa, na hesabu mbili hizo zikakataa kupatana. Barua zikaenda, barua zikarudi, na muda wote huo kontena lilikuwa limesimama juani, katika Februari ya Dar es Salaam, ambayo msomaji anaijua. Lilipofunguliwa nilikuwepo na kalamu yangu. Vizibo vilikuwa vimetokeza vichwa juu ya midomo ya chupa kiasi cha upana wa ukucha, na rajamu zenye picha ya kasri zimelowa zambarau, zinanata vidoleni. Mvinyo ukipata joto hutanuka, na ukitanuka husukuma kizibo, na hewa ikipata upenyo kazi imekwisha. Bwana yule hakufadhaika hata kidogo. Aliupeleka vile vile sherehani, na wageni, nilivyosimuliwa na dereva wake, waliusifu mpaka usiku wa manane, kwa sababu kabla ya kuwamiminia aliwatajia bei. Hilo nalo lina ushahidi: mwaka 2008 wataalamu wa California waliwapa watu mvinyo ule ule kwa bei mbalimbali huku wakiwapima ubongo kwa mashine, wakaona kwamba bei ikitajwa kubwa, sehemu ya ubongo inayohusika na furaha huzidi kuchangamka.

Mwalimu wangu wa Machame alikuwa na chupa yake ya fahari, aliyoletewa na mwanawe kutoka Ufaransa, akaisimamisha juu ya kabati la vyombo sebuleni, baina ya picha ya mahafali na saa ya ukutani, akingojea mgeni wa kuistahili. Wageni walikuja, kila mmoja akapimwa, akaonekana hakufikia kipimo, akapewa soda. Mwishowe, siku ya posa ya binti yake mdogo, washenga walipokuwa watu wa maana kweli kweli, chupa ikateremshwa, ikafutwa vumbi, na ndipo ilipobainika kuwa katika nyumba nzima hamna kizibuo. Walijaribu msumari. Walijaribu bisibisi. Shemeji yake, fundi wa magari, alijaribu koleo, kisha akasukuma kwa kidole gumba, na kizibo, ambacho kwa kusimamishwa miaka yote hiyo kilikuwa kimekauka kama gunzi, kikazama ndani kwa mlio mdogo. Mvinyo ukachujwa kwa chujio la chai. Mwalimu akazungusha, akanusa tundu la kwanza, hakufika la pili. Ilikuwa siki, na siki kali, ambayo mkewe, mama mwenye busara kuliko wanaume wote waliokuwa pale, aliitia katika kachumbari, na washenga wakaomba nyongeza.

Nilimliwaza kwa kumweleza kwamba yaliyompata yamewapata wakubwa zaidi. Mwaka 1985 chupa ya mvinyo wa Lafite iliyochongwa tarakimu za mwaka 1787 na herufi zilizodaiwa kuwa za Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, ilinadiwa na Christie's huko London, ikachukuliwa na familia ya Forbes kwa pauni 105,000; wakaiweka katika kabati la maonyesho chini ya taa, taa zikakikausha kizibo, kizibo kikaangukia ndani. Hawakuwa na kachumbari. Kisha ikazuka shaka kubwa, ambayo haijaondoka, kama Jefferson aliwahi hata kuiona chupa ile. Sehemu kubwa mno ya mvinyo wa dunia hutengenezwa ili unywewe mapema, mwaka huu au ujao. Kuuweka miaka mingi juu ya kabati katika hali ya hewa ya Kinondoni ni kuutendea jeuri.

Ya harusi nitayapitia upesi, maana nusu ya wahusika bado hawasemezani. Kamati ilinunua mvinyo wa mapovu kwa meza kuu, ukashinda mchana kutwa katika buti la gari. Shampeni, na zile zinazoigizwa mfano wake, humo chupani huwa na msukumo wa kadiri ya mara mbili au tatu ya ule wa tairi la gari dogo, na joto huuongeza. Mshereheshaji, kijana mwenye sauti nzuri na akili haba, akaitikisa chupa kwa mdundo wa muziki. Kizibo kilipaa, kikapigwa na pangaboi, kikarejea kwa kasi mpya katika sahani ya pilau ya mama mzaa bibi harusi. Na katika ule mvinyo, theluthi mbili ilinywewa na zulia.

Wakinibana niwape shauri moja, nawaambia Dodoma. Wamisionari Wakatoliki waliipanda mizabibu huko kwa ajili ya divai ya misa, ikaikubali ardhi ile kavu kuliko walivyotaraji, na kwa kuwa hakuna baridi ya kuilaza usingizi, mkulima akijua kupogoa huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mwenye kasri la Bordeaux hawezi kulinunua. Mvinyo wake haukulipa meli, na ule wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini hutozwa ushuru mdogo kuliko wa kigeni. Kwa kipimo changu cha karani, sehemu kubwa zaidi ya fedha za mnunuzi imo ndani ya chupa. Wanaokunywa hunieleza kwamba baadhi ni mtamu mno na baadhi ni mzuri kabisa, na kwamba uliotoka Makutupora au Hombolo wauzaji wengine huuficha rafu ya chini, kama ndugu wa shamba aliyekuja na viatu vya matope. Nimepata kufika huko wakati wa mavuno. Nimeona kreti za zabibu zimepangwa kivulini, nyuki juu yake, na wenyewe wamekaa kando wakitazama barabara kama gari la mnunuzi linakuja. Maana tunda lililokwisha iva halingoji, na gari likichelewa, bei hushuka kila siku, na mwenye nguvu ya kukamua mwenyewe huuza mchuzi wa zabibu kwa pipa, na asiye nayo humwaga. Kamati za harusi za Agosti na Septemba, basi, zianzie huko kabla ya kuja barazani kwangu. Chupa zisafirishwe usiku, zikae penye ubaridi, pawepo kizibuo, na mshereheshaji apewe soda.