Hongera ya Nyumba Isiyo Yangu

Mama mkwe amewatangazia ndugu zake wote wa Muheza kwamba nimejenga Dar es Salaam. Sijajenga. Sina hata tofali. Lakini tangu Jumamosi simu yangu haipumui: hongera mkwe, hongera shemeji, hongera baba. Mjomba mmoja ambaye hajawahi kunitafuta hata kwa salamu ya Idi anauliza kama kuna chumba cha uani, ana kijana wake anakuja mjini kutafuta maisha. Na yote haya yameletwa na LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Lilikuwa joto la Januari lenyewe, lile la kuoga na kulowa jasho kabla hujamaliza kujifuta. Mama mkwe, mgeni wetu, alikaa sebuleni chini ya feni, juisi ya embe mkononi, akituhadithia nani kafa na nani kaoa. Ndipo mita, iliyopachikwa ukutani juu ya mlango, ikaanza kulia. Pii. Ikanyamaza. Pii. Aliyepanga mjini anaijua sauti hiyo kuliko sauti ya mwanawe: yuniti zinakaribia kwisha. Waliobuni kidude hiki wangeweza kuishia kwenye kitaa kidogo chenye staha, kikamkonyeza mwenye shida peke yake. Waliweka kitaa na sauti pia, na sauti wakachagua inayopenya kuta, ili na wageni wapate habari.

"Mwanangu, hicho kinacholia ni nini?"

"Ni mashine ya kufukuza mbu, mama."

Mama, ambaye mbu wa Tabata walikuwa wamemtafuna usiku kucha, alinyanyuka, akabeba kiti chake, akakiweka chini kabisa ya mita.

Umeme ukaisha akiwa papo hapo. Feni haina adabu, haizimiki mara moja. Inazunguka polepole, kisha polepole zaidi, ili kila aliyepo apate nafasi ya kuinua macho na kuishuhudia. Friji jikoni likakoroma mara ya mwisho, likakata roho. Nikatoa simu. Ilikuwa Januari, ada za shule zilikuwa zimepita humo, na salio lililobaki lisingenunua hata mwanga wa kutafutia viatu. Mama hakusema neno. Alifungua pochi, akatoa simu yake ya kitochi, akamwomba binti yake namba ya mita, akabonyeza. Elfu kumi ikaenda. Nimenunuliwa umeme na mama mkwe. Mambo yangeishia hapo ingekuwa aibu ya kawaida tu, ya kusahaulika kufikia Pasaka.

Tatizo ni kwamba tokeni, zile tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita, ilikuja kwenye simu yake, mita iko juu ya mlango, na aliyepanda stuli ni mimi. Ikabidi anisomee.

Kuhusu hizo tarakimu 20 niseme kidogo, maana miaka yote nilizibonyeza nikiamini kuna kompyuta mahali fulani mjini ambayo mita huiuliza kama kweli nimelipa. Haiulizi. Mita ya namna hii haina laini, haina intaneti, wala haina habari na pesa yako. Inachohitaji kimefichwa ndani ya namba zenyewe: kiasi cha yuniti na dakika tokeni ilipotolewa, vikafungwa kwa ufunguo wa siri unaolingana na mita yako tu. Ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako hata mkiombana kwa machozi. Tena mita inakumbuka ilizokwisha kula. Ukiirudishia ileile inaitema. Mfumo huu ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na dakika zake zilianza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1993. Kila aliyenunua umeme kwa mfumo huu alipigwa muhuri wa dakika yake, ikihesabiwa kutoka siku hiyo, awe Soweto au Tabata. Waliobuni waliacha nafasi ya dakika 16,777,216 tu. Zilitimia tarehe 24 Novemba 2024. Kama unakumbuka kabla ya tarehe hiyo tulivyoletewa tarakimu za ziada, kundi juu ya kundi, watu wakabonyeza huku wakilaani na kuapa kwamba wanaibiwa, basi habari ndiyo hiyo: mita ilikuwa inafundishwa kuhesabu upya kutoka mwaka wa karibu zaidi. Mita inayohesabu kuanzia 2014 itafika ukingoni mwaka 2045. Mimi naisubiri kwa hamu. Mjukuu atanishikia stuli.

Basi mama akasoma. Ujumbe unazigawa tarakimu katika mafungu ya nne nne, na mama, aliyeuza machungwa kwa hesabu ya kichwa miaka mingi, akiona tarakimu nne haoni tarakimu, anaona pesa.

"Elfu nne mia saba na tatu."

Nikabonyeza nne, saba, sifuri, tatu.

"Elfu tisa na sita."

Tisa, sifuri, sifuri, sita. Jasho likaniingia machoni.

"Hamsini na nane."

"Mama, hapo mbele hakuna sifuri?"

"Zipo mbili. Lakini sifuri iliyotangulia si kitu, mwanangu, unaisoma ya nini?"

Mita ikakataa. Tukaanza tena, elfu nne mia saba na tatu, safari hii watoto wa wapangaji wa uani wakiwa wamejaa mlangoni wakisaidia kwa sauti. Ikakubali. Feni ikajikohoza, ikaanza kuzunguka, na mimi mguu mmoja nikawa nimeshaushusha. Lakini mama alikuwa amenogewa na kusoma.

"VAT, asilimia 18. Na hii EWURA, asilimia moja. REA, asilimia tatu. REA ndiyo nini?"

"Ni ya kupeleka umeme vijijini, mama."

"Basi hiyo ni ya kwetu," akasema, akaridhika. "Kodi ya jengo, elfu moja mia tano." Akainua macho. "Jengo la nani?"

Nilitazama jikoni kuomba msaada. Mke wangu alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya friji.

"La hapa, mama. Hili."

Kigelegele alichopiga kilisikika barabarani. "Na mlikuwa mnanificha!"

Mpate kosa kama mnaweza. Mwenye jengo ndiye anayelipa kodi ya jengo. Huyu analipa kodi ya jengo. Basi jengo ni lake. Nilimwambia mama tumepanga. Akanipiga begani akasema anapenda kijana asiyejisifu, na kwamba mjini hasidi ni wengi, afadhali niendelee kusema hivyohivyo. Kisha akapiga simu Muheza.

Na kwa kweli mwenye hoja isiyoeleweka si mama. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kisheria ni mzigo wa mwenye nyumba, hilo halina ubishi. Ila mita haimjui mwenye nyumba, inamjua anayebonyeza. Wapangaji tuliambiwa tukaelewane na wenye nyumba zetu. Tuelewane! Na mtu unayempa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, umeinamisha kichwa, ukimshukuru kwa kuipokea. Nilimwendea baba mwenye nyumba na jumbe zangu zote za LUKU kwenye simu, nikamwomba tukate hizo hela kwenye kodi ya mbele. Alinisikiliza kwa upole mkubwa, akaagiza niletewe maji ya baridi, akasema hakuna shida, tukate, ila naye amekuwa akifikiria kupandisha kidogo, vitu vimepanda. Nikanywa maji nikaondoka.

Kinachoniuma si hiyo elfu na mia tano. Nalipia kodi ukuta ambao nimekatazwa kuupigilia msumari wa kalenda. Na kwa wanaochangia mita moja na wenzao mambo ni machafu zaidi, kwa sababu makato humwangukia anayenunua wa kwanza mwezi ukianza. Ukipita uani kwetu tarehe mosi usiku utakuta watu wazima, wenye kazi zao, wamekaa gizani na kibatari, kila mmoja akimsubiri mwenzake aishiwe uvumilivu. Watoto wanasomea kwenye tochi ya simu. Mwenye nyumba yuko kwake, feni inazunguka.

Siku zilizofuata ziliniletea aibu za rejareja tu. Kijana wangu alifungua friji akakaa mbele yake kupunga upepo. Nikamweleza, kwa urefu, kwamba friji halitengenezi baridi bali linatoa joto la ndani na kulimwagia jikoni kwa mgongoni, kwa hiyo kulifungua ni kuzidisha joto la chumba, na mama akauliza kama ndivyo kwa nini tusilitoe nje. Uzi wa embe la kienyeji ulikaa kwenye jino langu la mbele mkutano mzima wa video, na hakuna aliyeniambia.

Halafu likaja suala la fenesi. Mama alisafiri nalo kutoka Muheza, zima, na akaagiza nusu yake nimpelekee mdogo wake Temeke. Nilipaka kisu mafuta ya kupikia, nikapaka mikono, nikapaka meza, kama wanavyofundisha, na utomvu ukapita palepale ambapo sikupaka, kwenye mkanda wa saa. Sabuni hailitambui gundi hilo. Nilifika kituoni nikinuka mafuta ya taa niliyoutolea, nusu fenesi limefungwa kwenye mfuko wa sandarusi, linavuja.

"Hilo linakaa au linasimama?" konda akauliza.

Nikasema linakaa, halishikiki.

"Basi linalipa."

Likalipa nauli ya mtu mzima, likakaa dirishani. Mimi nilisimama hadi Temeke.